Tumenunua TV kubwa, sasa DVD zetu hazitazamiki

Mjomba, shikamoo.

Naomba utuamulie jambo lililoanza kama utani na sasa linataka kuwa ugomvi. Mume wangu ni mtu wa filamu. Tangu kabla hatujaoana alikuwa akikusanya DVD, na leo zimejaa rafu mbili, si chini ya mia mbili, zote halisi na kava zake. Miaka yote tulizitazama kwenye TV ya inchi 32 na hakuna aliyelalamika. Juzi juzi ile TV ikafa, tukanunua ya inchi 55, boksi limeandikwa 4K na HDR. Tukaiweka palepale ilipokuwa ya zamani. Kochi halikusogezwa, liko kama mita tatu kutoka kwenye kioo.

Usiku wa kwanza akaweka filamu anayoipenda kuliko zote. Mjomba, ilikuwa aibu. Sura za watu kama zimepakwa mafuta, maandishi yana ukungu pembeni, na kwenye sehemu za giza kuna vijimraba vinachezacheza. Deki ni ileile ya zamani, tumeiunga kwa nyaya zake zilezile za rangi tatu. Nikadhani tumeuziwa TV mbovu, lakini kijana wetu alipofungua filamu ya intaneti picha ikatoka safi kabisa.

Tangu hapo mume wangu ana wimbo mmoja: tununue deki ya 4K, kisha DVD zote tuzibadilishe, moja baada ya nyingine, kwa diski za ubora wa juu. Orodha keshaiandika. Mimi naona ni kulipia mara ya pili kitu ambacho tayari tunacho. Kijana anatucheka wote wawili, anasema diski zimekufa kama zilivyokufa kanda za video na siku hizi kila kitu kiko intaneti. Na shemeji yangu naye ana deki ya Blu-ray, zile diski za ubora wa juu zilizokuja baada ya DVD, aliyorudi nayo kutoka nje, haitumii, anasema tuichukue bure.

Mimi si adui wa raha ya mume wangu. Nataka kujua tu: hiyo tofauti tutaiona kweli au ni maneno ya wauzaji? Kama ni kununua, tununue ipi? Na hizi DVD tuzitupe?

Mke wa Mpenda Filamu

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na hukumu ili usisome ukiwa roho juu. Deki ya ubora wa juu chukueni. Orodha ya mumeo ipunguzeni mpaka ibaki na filamu chache mno, na nitakwambia zipi. DVD hazitupwi.

Mumeo nimtetee kwanza, maana haoni mauzauza. Picha ya DVD ina nukta 720 kwa upana na 576 kwa urefu; zile za mfumo wa Marekani na Japani zina 480 kwa urefu. Zidisha 720 kwa 576 utapata nukta 414,720. TV yenu mpya, hiyo 4K, ina 3,840 kwa 2,160, yaani nukta 8,294,400. Ukigawanya unapata 20 kamili. Maana yake ni kwamba kila nukta moja iliyomo kwenye DVD inatakiwa kujaza nafasi ya nukta 20 kwenye kioo. Moja imetoka kwenye filamu, 19 zimebuniwa na TV kwa kukisia kutoka kwa nukta jirani. Kwenye ukuta mtupu au anga inakisia vizuri. Kwenye nywele, kope na majani ya miti inaboronga, na hapo ndipo zinapotoka sura za kupakwa mafuta. TV ya zamani, kama ilikuwa inchi 32 za kawaida zilizoandikwa HD Ready, ilikuwa na nukta 1,366 kwa 768. Kazi ya kubuni ilikuwa ndogo, na kioo kidogo kinasitiri mengi. DVD zenu zilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza.

Na vile vijimraba vya gizani? DVD ya tabaka mbili inabeba GB 8.5 tu, na filamu ya saa mbili lazima ibanwe sana ili ienee humo. Ubanaji wenyewe ni wa MPEG-2, teknolojia ya miaka ya tisini. Ukibana hivyo, sehemu za giza ndizo zinazotolewa kafara mapema, kwa sababu watengenezaji walitegemea mtazamaji hatazichungulia. Kwenye inchi 55 zinachunguliwa.

Sasa kabla hamjatoa hata senti, fanyeni mambo mawili yasiyo na gharama kubwa.

Umesema nyaya za rangi tatu. Nyekundu na nyeupe ni za sauti. Picha nzima, mwanga na rangi zake zote, imesukumwa kwenye ule mmoja wa njano, halafu TV ina kazi ya kuzitenganisha tena, na haizitenganishi vizuri hata siku moja. Ndiyo maana mipaka ya vitu vyekundu inavuja na maandishi yanaota ukungu. Chungulia nyuma ya deki yenu. Kama ina tundu la HDMI, linalopitisha picha na sauti pamoja, nunueni huo waya mmoja, wa kawaida tu. Ikikosekana, tafuteni kama ina matundu matatu mengine ya picha pekee, ya kijani, buluu na nyekundu. Hayo nayo ni afadhali mara nyingi kuliko njano, ilimradi TV nayo iwe inayapokea.

Jambo la pili liko kwenye rimoti. TV nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa ile hali ya picha inayowaka kama tangazo, iitwayo Vivid au Dynamic. Ingia kwenye mipangilio, weka Cinema, Movie au Filmmaker Mode. Hiyo ya mwisho ilitangazwa mwaka 2019 na watengenezaji wa TV wakishirikiana na studio za filamu, kusudi TV iache kuchezea kazi ya watu. Shusha ile Sharpness karibu na chini kabisa, kwa sababu haiongezi undani wowote, inachora mistari myeupe pembezoni mwa vitu, na kwenye DVD inachora hata pembezoni mwa vijimraba. Kisha zima kile kinacholainisha mwendo, kinachofanya filamu ionekane kama taarifa ya habari. Kila kampuni inakiita kwa jina lake. Mwaka 2018 Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video nzima kuwasihi watu wakizime, na ingawa si kawaida yangu kuchukua ushauri wa mambo ya nyumbani kwa waigizaji, hapo walinena.

Mkimaliza hayo, wekeni tena filamu ileile. Itakuwa nafuu, lakini haitakuwa Blu-ray. Nukta zisizokuwepo kwenye diski hazitengenezwi na waya, na msikubali muuzaji awaambie deki fulani “inapandisha DVD mpaka 4K”. Kupandisha huko ni kule kukisia nilikokueleza. TV yenu tayari inakufanya.

Tofauti mtaiona au hamtaiona? Hapa wengi hujibu kwa kishabiki, wakati jibu linapimwa kwa utepe wa fundi cherehani. Jicho zima la binadamu linatofautisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Vikikaribiana zaidi ya hapo, linaviona kitu kimoja. Nimewapigia hesabu kwa kioo chenu. Kwenye inchi 55, nukta za DVD jicho linaweza kuzitenga mpaka ukae karibu mita tano. Nukta za Blu-ray, ambayo ni 1,920 kwa 1,080, zinaacha kutengeka ukivuka mita mbili na kidogo. Nyinyi mko mita tatu. Kwa hiyo mko palepale ambapo DVD inaumbuka na Blu-ray inaonekana kamili. Mngekuwa bado na ile ya inchi 32, mpaka wa DVD ungekuwa chini kidogo ya mita tatu, ndiyo maana miaka yote hiyo hakuna aliyelalamika, na ningekuandikia mistari miwili tu: bakini na hela yenu.

Lakini hesabu hiyohiyo inamgeukia mumeo kwenye suala la 4K. Kutoka kwenye kochi lenu, nukta za ziada za diski ya 4K macho yenu hayazioni. Atakwambia kuna HDR, na hajakosea. Diski za 4K, zilizoanza kuuzwa mwaka 2016, zinabeba rangi nyingi zaidi na mwanga wenye ngazi nyingi zaidi kuliko Blu-ray ya kawaida, na hilo linaonekana hata ukiwa mbali: moto unawaka kweli, kivuli kina vitu ndani yake. Tatizo ni kwamba neno HDR kwenye boksi linaahidi tu kwamba TV inaielewa hiyo ishara. Kuwaka kunakotakiwa ni habari nyingine, na TV za bei ya chini nyingi hazina nguvu hiyo, kiasi kwamba baadhi ya filamu hutoka na giza kuliko zilivyokuwa kwenye Blu-ray. Isitoshe, filamu nyingi za miaka ya 2000 na 2010 zilihaririwa na kukamilishwa kwa ukubwa wa 2K, ambao umepita Blu-ray kwa kiasi kidogo sana. Diski yake ya 4K ni filamu hiyohiyo iliyokuzwa.

Msimamo wangu: Blu-ray ya kawaida inawatosha. Kama mtakuta tofauti ya bei kati ya deki ya Blu-ray na ya 4K ni ndogo, chukueni ya 4K mlale usingizi, kwa sababu inacheza zote tatu: 4K, Blu-ray na DVD. Bei ikiwa mara mbili, mwache aote.

Ya shemeji ipokeeni kwa mikono miwili, ila msifurahi kabla hamjaijaribu, maana umesema imetoka nje. Dunia ya Blu-ray imegawanywa kanda tatu. A ni Marekani zote mbili, Japani, Korea na Asia ya Kusini-Mashariki. B ni Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na Australia. C ni China, India, Urusi na majirani zao. Deki ya kanda A inaikataa diski iliyofungiwa B, bila adabu. Herufi ya diski iko nyuma ya kava, kwenye kialama chenye umbo la pembe sita. DVD nazo zina kanda zake za namba, na deki moja huwa imefungiwa kanda yake ya Blu-ray na kanda yake ya DVD. Kwa hiyo jaribuni diski za aina zote mbili, na msichukue DVD moja mkaridhika, chukueni tano zilizonunuliwa sehemu tofauti. Diski za 4K peke yake ndizo hazina kanda, na hilo naliona ni jambo la heri lililochelewa.

Kuna la pili kuhusu deki iliyokaa kabatini. Blu-ray zinafungwa kwa funguo za siri zinazobadilishwa kila baada ya muda, hivyo deki ambayo programu yake haijasasishwa miaka mingi inaweza kucheza filamu za zamani vizuri na kugoma kwenye ya mwaka huu. Iungeni intaneti, iache ijisasishe. Kama kampuni iliyoitengeneza imeacha kutoa masasisho ya modeli hiyo, itumieni kwa majaribio tu.

Na majaribio ndiyo hasa ninayoitakia. Tafuteni kwa kuazima filamu moja ambayo mnayo kwa DVD, mpate Blu-ray yake. Kijana asimame karibu na deki, aweke kipande kilekile cha dakika tano, mara hii, mara ile, bila kuwaambia ni ipi. Nyinyi kaeni kwenye kochi lenu. Msisogee! Mumeo atasogea, mrudishe. Mkipatia kila mara, suala limekwisha. Mkibabaika, basi nalo limekwisha.

Tuje kwenye orodha. Mumeo anadhani diski ya ubora wa juu ni bora kwa kila filamu. Inategemea ilirekodiwaje. Filamu iliyopigwa kwa mkanda wa sinema wa milimita 35, hata iwe ya miaka ya hamsini, ina undani mwingi kuliko DVD ilivyowahi kuonyesha. Ikisafishwa upya kutoka kwenye mkanda wa asili, Blu-ray yake inaweza kukushangaza kuliko ya filamu ya juzi. Lakini tamthilia na vichekesho vya televisheni vilivyorekodiwa kwa kamera za video za zamani havina cha kuongezwa. Undani haukuwahi kuwepo. Hizo bakini nazo kwenye DVD. Katuni zilizochorwa kwa mistari minene na rangi bapa nazo zinavumilika sana, nisingezigusa mwanzoni.

Kuna faida moja ambayo wauzaji hawaisemi. Filamu za sinema hupigwa picha 24 kwa sekunde. DVD za nukta 576 zinaenda kwa 25, kwa hiyo filamu hukimbizwa kwa asilimia 4. Ya dakika 100 inaisha kwa 96, na sauti za watu zinapanda kidogo isipokuwa zimerekebishwa. Blu-ray inaenda 24 zile zile. Kama filamu anayoipenda mumeo ina muziki anaoujua kwa moyo, muziki huo atausikia kwa sauti yake ya kweli, huenda kwa mara ya kwanza. Zaidi ya hapo kuhusu sauti sitaki kuwadanganya. Blu-ray inabeba sauti isiyobanwa kwa kupoteza, ila ikipitia spika nyembamba za TV, hamtaisikia tofauti.

Kipimo changu cha orodha ni hiki: filamu ibadilishwe ikiwa mumeo ameirudia, anajua atairudia tena, na uzuri wake uko machoni. Mandhari, mavazi, usiku, mvua, bahari. Filamu ya watu wawili wanaozungumza chumbani inatosheka na DVD. Na akitaka kununua filamu mpya, ambayo hamna kabisa, anunue Blu-ray moja kwa moja. Hapo hamlipii mara mbili. Kabla hajalipa asome maoni ya walioitazama, kwa sababu zipo Blu-ray zilizosafishwa kupita kiasi, chembechembe za mkanda zimefutwa na ngozi za watu zikafutika pamoja nazo.

Kijana msimkemee, ana nusu ya haki. Filamu ya kutazama mara moja haina haja ya kuwekwa rafuni. Ila mwambie aangalie namba. Netflix wenyewe wanapendekeza intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kwa picha ya 1080, yaani ukubwa wa Blu-ray, na 15 kwa 4K. Blu-ray ya kawaida inaruhusiwa kumimina picha hadi megabiti 40 kwa sekunde, na ya 4K inaweza kuvuka 100. Ubanaji wa intaneti ni wa kisasa zaidi, kwa hiyo pengo la macho si kubwa kama la namba, lakini leteni moshi, theluji au ukumbi wenye giza, vijimraba vitarudi. Tena filamu za intaneti zinakaa kwa mkataba. Ukiisha, unaitafuta huioni.

Kuhusu kufa kwa diski, ameshasikia habari nusu. Aliyekufa mapema ni HD DVD, mshindani wa Blu-ray: Toshiba waliinua mikono Februari 2008, na walioinunua wakabaki na makasha. Blu-ray iko sokoni tangu 2006. Ni kweli soko limesinyaa. Samsung waliacha kuleta deki mpya Marekani mwaka 2019, na mwaka 2025 Sony waliacha kutengeneza Blu-ray tupu za kurekodia, ingawa za filamu zinaendelea. Hiyo ni sababu ya kutonunua rafu nzima, na pia ni sababu ya kutosubiri deki miaka mitano mingine. Kanda ya video haikuweza kuingia kwenye deki ya DVD. DVD inaingia kwenye deki ya Blu-ray.

Mkianza kuzishika hizo diski mpya, mfahamu kwamba data ya Blu-ray imelala milimita 0.1 tu chini ya uso wake, wakati ya DVD iko katikati, milimita 0.6. Imepakwa tabaka gumu linalozuia mikwaruzo midogo, lakini mkwaruzo uliozama hautibiki, na ile hila ya kusugua na dawa ya meno muisahau kabisa.

Deki ya zamani msiigawe bado. Pitisheni kwanza DVD zenu kwenye mpya, hasa zile zilizochomwa na kompyuta, za harusi na za watoto wakiwa wadogo, maana deki mpya huzikataa baadhi. Hizo za kuchoma, msingoje uamuzi wa Blu-ray: zinakilini kwenye kompyuta wiki hii. Rangi iliyoshika data yake huchakaa mapema kuliko diski za dukani, na hakuna mahali pa kuinunua harusi yenu mara ya pili.

Mjomba